Elki anaitika vizuri tu, akifika yadi 80 anagoma. Nakosea wapi?

Mzaramo_Milimani

Wakuu salaam. Najua wengi humu ni mpira na makaratasi ya uhamiaji, ila juzi niliona watu wanabishana nyama ya pofu na ya nyati ipi tamu nikajua wawindaji wapo, kwaiyo nauliza.

Nipo Colorado mwaka wa saba huu. Nawinda elki kwa upinde, kompaundi ya pauni 65, na misimu mitatu imepita sijatia hata mnofu kwenye friza. Kwa wasiomjua, elki ni jamii ya ayala, yule wa Zaburi 42 mwenye kiu ya mito ya maji, ila huyu wa huku ni pande la mnyama, dume anapita kilo 300 na pembe kichwani kama mtu kabeba tawi la mkorosho. Septemba ndo wanapandana. Dume anapiga baragumu, anaanza chini na sauti nzito, anapanda mpaka inakuwa mluzi mkali, alafu anamalizia na vikohozi kama mzee anacheka, ukiisikia mara ya kwanza gizani mwili unasisimka wote. Sasa kazi ni kumwigizia, unalia kama jike au unapiga baragumu kama dume mwenzake, aje kwa miguu yake mpaka yadi 30 au 40 ndo umpige mshale.

Tuko wawili, mimi na shemeji yangu, na tatizo letu sio kupata wa kuitika. Wanaitika! Mwaka jana tuliita wanne, mmoja tulijibizana nae karibu nusu saa nzima. Ila hakuna aliyefika. Nitoe mifano mitatu.

Wa kwanza ilikuwa asubuhi, kuna uwazi wa majani kama kiwanja cha mpira, sisi tumejibanza ukingoni kwenye misonobari, wote wawili nyuma ya gogo moja kubwa lililoanguka. Dume akatokea upande wa pili, kipima umbali kinasoma yadi 83, akasimama. Akawa anaangalia tu. Dakika kumi, kumi na tano, shemeji analia kike mpaka mate yamemkauka, yule bwana akapiga baragumu moja akageuka akaenda zake taratibu, kama mgeni aliyepiga hodi akakosa mwenyeji.

Wa pili jioni. Tupo juu yake kwenye mteremko, anapanda kabisa anakuja, tunasikia vijiti vinavunjika, jua likaingia nyuma ya kilima, ghafla kimya, alafu kishindo cha mbio. Hatukuona hata mkia.

Wa tatu alifika yadi 35, mimi nikavuta upinde akaniona. Kwaheri.

Nimeshanunua vipenga vinne, cha kuweka mdomoni, cha kubana, cha kupuliza, na bomba la baragumu, mke wangu anasema nyumba imekuwa zizi. Ni sauti zetu mbaya? Ninunue kipi kingine? Mwenye uzoefu tafadhali, msimu mwingine naanza tena tarehe 2 Septemba na sitaki kurudi mikono mitupu mwaka wa nne.

Nahodha_wa_Pangani

Usinunue kitu ndugu yangu. Dume aliyejibizana na wewe nusu saa hana kesi na sauti yako, angeigundua angenyamaza dakika ya kwanza. Kesi ni pale mlipokaa, na yule wa jioni kesi ni upepo, acha nianze na upepo mana ndo unaomaliza watu milimani.

Mimi nipo Montana ila nimekulia Pangani, mzee wangu alikuwa na ngalawa. Wavuvi wanatoka alfajiri na umande, ule upepo wa baridi unaotoka nchi kavu unaenda baharini, mchana nchi ikishapata moto upepo unageuka unatoka baharini na ndo unaowarudisha nyumbani. Mlima nao ni vilevile, badala ya bara na bahari weka kilele na bonde. Usiku hewa inapoa inakuwa nzito inateremka bondeni kama maji ya mfereji, na asubuhi inaendelea kuteremka mpaka jua liupate ule mteremko. Kuanzia kama saa tatu au saa nne inaanza kuchezacheza, mara huku mara kule, huo muda mimi nakaa chini nakula mkate, siiti mtu. Ikishatulia inapanda juu mchana kutwa. Jioni jua likiuacha mteremko inageuka tena inateremka.

Sasa jiangalie. Ulikuwa juu yake, jua lipo, hewa inapanda, harufu yako inaenda kileleni, upo salama kabisa. Jua likaingia nyuma ya kilima. Hapo hapo hewa ikageuka na jasho lako la siku tatu likamteremkia puani. Kwani alikuona? Hakukuona. Macho yake unaweza kuyadanganya, masikio ndo kabisa unayadanganya ndo maana anaitika, ila pua haina mjadala, ikishasema mtu ni mtu. Jioni kaa ubavuni kwake usawa wake, au chini yake kidogo, sio juu.

Na hata wingu tu. Wingu likifunika jua dakika tano hewa inaweza kugeuka alafu jua likitoka irudi. Beba kichupa cha poda, minya kila dakika chache uangalie moshi wake unaelekea wapi, usiminye mara moja asubuhi ukajiona umeshamaliza.

Kwa lugha ya chombo wewe uwe demani, kule upepo unakoelekea, yeye awe joshini, kule unakotoka. Tatizo na yeye anaijua hiyo hesabu. Dume mkubwa hatakuja amenyooka kama anaitwa chai, atazunguka aingie demani kwa huyo jike anayelia, avute harufu kwanza ahakikishe. Kwaiyo mpigaji mshale asikae mbele ya mwitaji tu, akae mbele na asogee upande wa demani, ili yule akizunguka apite kwa mpigaji kabla hajaikuta harufu ya mwitaji. Hiyo ndo siri yote, nyingine ni mapambo.

Mkamba_Fulani

Nahodha amesema ukweli lakini wacha niguse hiyo ya gogo manze, nyinyi wawili nyuma ya gogo moja ndio imeniuma.

Hebu kuwa huyo dume. Umesikia msichana analia kwa ile miti, umetembea kilomita mzima, umefika mahali unaweza kuona ile miti vizuri, unaangalia… miti tu. Hakuna msichana. Wewe ungevuka uwanja ukiwa peke yako umeanikwa hivyo? Hata mimi singevuka. Kwa akili yake amefanya kazi yake, ameitika, ameonekana, sasa ni zamu ya jike kutokea, juu kwa kawaida jike ndiye humwendea dume, sisi ndio tunataka igeuzwe. Kwa hivyo anasimama hapo anangoja, asipoona mtu anaenda zake.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, usiitie mahali anaweza kuona mbali. Tafuta kona, ama kilima kidogo, ama miti imesongamana, mahali akitoa kichwa aone sauti inatoka wapi tayari ako yadi 30 kwa mpigaji. Mimi kabla niite nauliza swali moja tu, atasimama wapi kuangalia? Hapo atasimama ndio mshale wangu lazima ufike. Kama jibu ni yadi 83 nafunga mdomo natafuta mahali pengine, hata kama anapiga baragumu kama wazimu.

Ya pili, mwitaji akae nyuma yadi 50 ama 60, mpigaji mbele. Akigoma yadi 70 kutoka kwa mwitaji, anagomea yadi 15 kwa mpigaji, anagoma na sisi tunashukuru. Na mwitaji asikae kama mtu anangoja matatu. Atembee. Avunje vijiti, akanyage mawe, achukue tawi akwangue mti kama dume anasugua pembe, na dume akigoma mwitaji ageuke arudi nyuma akilia akielekeza bomba upande ule mwingine, kama jike amechoka kungoja anaondoka. Hiyo ya kuondoka ndio imewaleta wengi kwangu kuliko kipenga chochote cha pesa.

Na ungoje akupe ubavu. Wazee wetu Kitui walikuwa na sumu kwa mshale, babu alikuwa anasema ukichanja tu ngozi ya mnyama kazi imekwisha, unafuata nyayo mpaka aanguke. Huku mshale wa sumu ni makosa kisheria, kwa hivyo hakuna njia ya mkato, kigumba lazima kipite mapafu yote mawili, na kifua cha elki akikuangalia uso kwa uso ni mfupa na bega. Hapana jaribu. Mimi mwenyewe sikujifunza haya nyumbani, Kenya uwindaji ulifungwa 1977 na mimi sikuwa nimezaliwa, nimejifunzia Colorado nikikosa kama wewe.

Kijana_wa_Minnesota

Si muweke tu spika ya blutuuthi kwenye mti muweke mlio wa jike kutoka YouTube nyie mkae pembeni mmeshika upinde? Mnajitesa bure. Alafu mimi nikija Septemba natembea nanyi nanunua tegi, kile kibali cha kupiga elki, hukohuko dukani?

Mkamba_Fulani

Spika za umeme kwa elki ni marufuku Colorado, utapigwa faini na leseni iende. Na tegi, sisi wakazi bado tunanunua za upinde dukani, lakini wewe wa nje kuanzia 2025 upande wa magharibi wa barabara ya I-25 lazima uingie bahati nasibu, na elki wengi wako upande huo. Kuja kama mbeba nyama basi, mgongo unatakikana.

Papa_Boise

Jambo bandugu. Mi niko Idaho, natoka Bukavu. Nimesoma yote, ni muzuri, lakini kintu moja hamukusema. Munaita mingi sana.

Ile dume kubwa iko na bibi kumi, kumi na tano. Ataacha bibi kumi anawaona na macho juu ya moja hajamuona? Hapana. Ataitika, ndiyo, ni kama anasema nimekusikia, kuya wewe. Na ukisogea anakusanya bibi zake anawasukuma mbele anakwenda nao kilima ingine. Ule wa nusu saa alikuwa anakuaga, hakuwa anakuja.

Wenye wanakuyaka ni vijana, hawana bibi, wanazunguka kando ya kundi wanatafuta nafasi. Na hao wanakuja kimya! Hapana baragumu, hapana kitu, juu wakipiga kelele mukubwa atawatoboa. Sasa watu wanaita dakika kumi, hawasikii jibu, wanasimama, wanachukua mfuko, wanatembea, na kijana alikuwa yadi 60 anatoka mbio. Hiyo imenipata mara ngapi, siwezi kuhesabu.

Mi naita kidogo. Jike, mara mbili, tatu, sauti ya chini. Nanyamaza dakika tano. Tena moja ya mtoto. Nanyamaza. Nakaa saa moja nzima pahali pamoja, na macho upande ule Nahodha anaita demani. Msitu ya umma iko na watu mingi, kila mutu iko na baragumu, elki wameshasikia hizo baragumu zote tangu tarehe moja, wanajua kabisa hiyo ni mutu. Jike wa sauti ndogo hawamuogope.

Mzaramo_Milimani

Aisee. Nimesoma mara mbili na nimemsomea shemeji kwenye simu, kwenye ile ya dume na msichana amecheka mpaka kaacha kuendesha. Kweli yote tulifanya kinyume.

Maswali yamebaki matatu. Moja, shemeji ana zamu za kazi, siku nyingi nitakuwa peke yangu, sasa nikiwa mwitaji na mpigaji nafanyaje? Mbili, yule wa yadi 35 aliyeniona nikivuta, nilikuwa nyuma ya mti kabisa nimejificha sasa aliniona vipi? Tatu ni la shemeji, yeye ni Muislamu anauliza nyama ya mshale inakuwaje kuhusu kuchinja.

Nahodha_wa_Pangani

La tatu nalijibu mimi. Bismillahi inasemwa pale unapouachia mshale, sio ukishamkuta. Na mshale uwe umetoboa kwa ncha, sio umegonga kwa ubapa. Ukimkuta kashakufa kwa jeraha la mshale wako ni halali, ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Mwambie aizoee kwenye mazoezi mana siku yenyewe roho ikienda mbio hata jina lako unalisahau.

BintiSingida

Nimefika kwa kuchelewa, nipo upande wa Gunnison, hukuhuku Colorado, na nawinda peke yangu karibu miaka yote kwaiyo maswali yako mawili ni ya kwangu.

Naanza na la kuvuta. Ulikuwa NYUMA ya mti, ndo kosa. Ukiwa nyuma ya mti inabidi uchungulie ili uone, alafu utoke pembeni ili uvute, na upinde ni kitu kirefu, mjongeo wote huo anauona. Kaa MBELE ya mti, mgongo umegusa shina, kivulini, nguo zenye mabaka, shina linakuficha umbo na wewe una nafasi ya mikono pande zote. Elki anaangalia kinachosogea, akikukuta umetulia kivulini anaweza kukutazama machoni asikuelewe. Kabla hujaita fyeka kwa mkono vijitawi vinavyogusa upinde, pima miti minne mitano, ule wenye gome jeupe yadi 22, jiwe 31, ule uliokufa 40, uweke kichwani, mana akifika hutakuwa na mkono wa kushika kipimio. Upinde uwe umeshanyanyuliwa tangu unasikia kwato. Na vuta pale kichwa chake kikiwa nyuma ya mti, kichwa sio mwili, macho yakifunikwa tu unavuta. Akikuangalia na hujavuta, tulia, hata mkono ukitetemeka, hata mbu akiingia sikioni. Akifika kwenye kichochoro chako mlilie kidogo kwa kile cha mdomoni, anasimama sekunde mbili tatu, hizo ndo zako. Ndo faida ya kile cha mdomoni, mikono yako yote ipo kwenye upinde. Hivyo vingine, ukitoa bomba, viache nyumbani watoto wachezee.

Alafu ukishapiga usishangilie! Endelea kulia kama jike. Mara nyingi hajui kapatwa na nini, anakimbia hatua chache anasimama kusikiliza, na kama umepiga mapafu anaangukia hapohapo unamwona. Subiri nusu saa ndo ufuate damu. Kama unahisi umepiga tumbo usimfuate kabisa, masaa mengi yapite, ukimkurupusha atakwenda mpaka utamkosa.

Kuhusu kuwa peke yako. Itia mahali A alafu hamia mahali B, basi. Unalia, akijibu na kaonyesha anakuja, unaondoka hapo haraka na kimya kumfuata mbele yadi 30 au 40, ukiegemea demani kama alivosema Nahodha, unatulia. Yeye kichwani ana ramani, anajua jike yupo palepale alipomsikia kwa hatua, na wewe unakuwa umesimama katikati ya njia. Ukihitaji kulia tena geuza kichwa nyuma, elekeza bomba mgongoni, sauti itaonekana bado inatoka kulekule. Watu wa peke yao wanaharibu kwa kuitia palepale wanapopigia, ndo dume anakuja anaangalia pua kwa pua.

Sasa baba wa Boise hapo juu, shikamoo yako, ila nakupinga kidogo. Kulia kidogo na kukaa saa nzima ni sawa, ni sawa sana wiki mbili za mwanzo wa Septemba, madume bado hawajachemka. Ila kuanzia tarehe 15 kwenda mbele, usiku na mchana zikikaribia kulingana kule tarehe 22, majike wanaanza kuwa tayari na yule mkubwa mwenye wake kumi ndo anakuwa na wivu kuliko wote. Hatakuja ukimpigia baragumu kutoka mlima wa pili, ndo mana anakusanya wake anaondoka. Mtu akikutukana toka mtaa wa pili unacheka, akikutukana mlangoni kwako unatoka na panga. Mimi sipigi baragumu kubwa mpaka niwe ndani ya yadi 100 za kundi lake, upepo unanipiga usoni, nimeingia kimya kabisa bila kulia hata mara moja. Kwanza jike mmoja wa sauti ya kuomba, na yeye akianza kujibu tu namkata katikati na baragumu langu, sauti juu ya sauti, kama dume mwingine kamnyang'anya mke nyumbani kwake. Anakuja mbio anakojoa mwenyewe. Hapo uwe umeshajipanga mana hupati dakika moja.

Na saa za kwenda ni mchana. Wengi mnarudi kambini saa tano mnalala. Elki wamelala kwenye msitu mzito upande wa kaskazini wa mlima, kwenye kivuli, wapo palepale hawaendi popote, na hewa imeshatulia inapanda bila kubadilika mpaka alasiri. Ingia kutoka juu au ubavuni taratibu. Dume mchana ananyanyuka kujinyoosha, anapiga kabaragumu kamoja ka uvivu, ukikasikia umeshajua chumba anacholala.

Papa_Boise

Mama Singida unasema kweli, lakini yadi 100 kuingia kimya kwa ile mlima inaomba magoti ya kijana. Ya kwangu iko ya 1964. Mi nabaki na kiti yangu.

BintiSingida

Haha haya baba, kiti chako nacho kinalisha watu.

Mkamba_Fulani

Mzaramo, ukienda na shemeji mtumie mpango wangu, ukienda solo ule wa Singida. Usichanganye. Na mfanye mazoezi Agosti kwa uwanja wowote, mmoja awe dume atembee akitafuta sauti, mwingine aone atasimama wapi. Mimi na cousin tulifanya hivyo kwa park ya mtaani, jirani akapiga polisi simu, tukawaeleza, polisi mmoja akasema yeye pia ni mwindaji akatuonyesha vile yeye hulia. Alikuwa mbaya ajabu.

Mzaramo_Milimani

Wakuu MREJESHO. Leo tarehe 22, msimu unafunga 30.

Wiki ya kwanza nilikuwa peke yangu, nikafuata ya Papa, kulia kidogo na kukaa. Siku ya tatu nimekaa dakika 50 miguu imekufa ganzi, nikasema basi nanyanyuka, nikakumbuka alivosema kuhusu kuchukua mfuko, nikajipa dakika kumi za adhabu. Ya saba akatokea jike na ndama wake yadi 25, sina tegi ya jike, nikawaangalia tu wanakula. Hawakujua nipo. Misimu mitatu sikuwahi kuwa karibu hivo bila kishindo cha mbio.

Jana nilikuwa na shemeji. Saa tano na nusu asubuhi, futi kama 10,000, nimemwaga poda mpaka kichupa kinaelekea kuisha, hewa inapanda vizuri. Kabaragumu kamoja ka uvivu kwenye msitu wa kivuli, palepale alipopasema dada Singida. Tukakataa sehemu mbili, zote nzuri kwa macho ila niliuliza atasimama wapi kuangalia nikaona mbali. Ya tatu ina kijikilima kidogo, nikakaa mbele ya msonobari kivulini, shemeji nyuma yangu yadi 60 joshini, mimi nimeegemea demani. Akaanza kulia, akakwangua mti, akaanza kuondoka huku analia, nilimwonea huruma mwenyewe, kweli ulikuwa kama mke anayerudi kwao. Yule mkubwa akajibu mara mbili akanyamaza. Nikajua kagoma.

Kwa jicho la pembeni nikaona mguu. Nilikuwa nimeshanyanyua upinde. Kichwa kikaenda nyuma ya mti, nikavuta, sikuonekana. Akaingia kichochoroni, nikamlilia, akasimama, ubavu wote, yadi 14. Nimevuta, pini ya kulengea ipo nyuma ya bega, ndo naangalia pembe.

Kapera. Pembe moja moja kama visu viwili vya jikoni. Na kitalu chetu kina masharti ya pembe, lazima upande mmoja uwe na ncha nne au lile tawi la juu ya jicho lifike inchi tano.

Nikashikilia mpaka mikono ikatetemeka, nikalegeza upinde taratibu, akaniona, akakoroma, akaondoka na sidhani kama hata alikimbia. Shemeji kaja anauliza mbona hukupiga, nikashindwa kuongea nikamwonyesha vidole viwili juu ya kichwa. Tulikaa chini tukacheka.

Mkamba_Fulani

YADI 14!! Manze. Na ukaangalia pembe kwanza, hapo umekuwa mwindaji. Wengi wangeachilia halafu waanze kujieleza kwa askari wa wanyama.

Nahodha_wa_Pangani

Hongera sana. Alitokea upande gani?

Mzaramo_Milimani

Demani mzee. Demani kabisa, katikati yangu na ile njia ya harufu ya shemeji. Na yule mkubwa bado yupo kulekule, tumemwacha na msitu wake. Alhamisi narudi, zamu yangu ya kazini nimembadilishia mtu kwa Krismasi.